Huo Moto Utatokea Wapi

Ukimwambia mtu kuwa kuna wanasayansi wanaojaribu kuwasha jua dogo ndani ya chombo cha chuma, swali la kwanza huwa ni lile lile: watawashaje? Nimeulizwa hivyo kwenye ofisi ya walimu, kwenye matatu ya kutoka Embu kwenda Meru, hata na kasisi. Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza lingine. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua hata macho.

"Sawa, wameuwasha. Sasa huo moto utatokea wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mama amepika miaka 19 katika jikoni la shule moja ya bweni upande wa Runyenjes. Githeri ya mamia ya watoto, uji wa alfajiri, sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuoga ndani, kuni za mukima zikiingia kwenye jiko la matofali kuanzia saa tisa usiku. Moto wenyewe haukuwa na shida. Shida ilikuwa bomba la moshi, ambalo lilijaa masizi, likatoboka, halafu likaanguka nusu, na kila muhula likaahidiwa kurekebishwa muhula ujao. Kwa hiyo kilichopaswa kutoka nje kilirudi ndani, na aliyekuwa ndani ni yeye. Siku hizi akipanda kilima kidogo tu kifua kinapiga filimbi. Daktari alimwambia ugonjwa huo hautaisha, utatulizwa tu. Anatembea na inhela kwenye mfuko wa aproni, pale alipokuwa akiweka kiberiti.

Mimi nafundisha Fizikia katika shule ya kutwa karibu na Nkubu, kwa mkataba wa bodi, mshahara wa kuhesabu. Mwaka huu naomba nafasi ya kusomea shahada ya pili Ulaya, katika fizikia ya plazima. Fomu inataka nieleze, kwa maneno 500, ni tatizo gani nataka kulifanyia kazi. Nilikuwa nimeandika mambo matamu kuhusu nishati isiyoisha na mustakabali wa binadamu. Baada ya yale maharagwe nikayafuta yote.

Mashine inayohusika inaitwa tokamaki. Jina ni la Kirusi, ufupisho wa maneno marefu kuhusu chumba cha mviringo na koili za sumaku, lakini sikio la Mswahili linasikia "toka" tu. Nacheka kila nikilitaja, kwa maana kutoka ndiko kunakowasumbua.

Nieleze kwanza kinachowaka, kwa sababu watu huchanganya. Kinu cha nyuklia tunachokisikia kwenye taarifa, kile kilichopingwa na watu wa Uyombo kule Kilifi kisha macho yakageukia Siaya, ni cha kupasua atomu nzito. Hiki ni kinyume chake. Unachukua aina mbili za haidrojeni, dyuteri na triti, unazipasha joto hadi viini vyake vinagongana na kushikana, vinakuwa heliamu, na katika kushikana huko nishati inatoka. Jua nalo linaishi kwa kuunganisha viini. Katikati yake kuna joto la nyuzi milioni 15 hivi. Sisi hatuna uzito wa jua wa kukandamiza, kwa hiyo inatubidi tufike kama milioni 150. Kwenye joto hilo gesi si gesi tena, elektroni zimebanduka kutoka kwa atomu, na hiyo ndiyo plazima. Hakuna sufuria ya kuishika. Inashikwa na nguvu za sumaku, ikizunguka hewani katika umbo la tyubu ya gurudumu bila kugusa ukuta.

Na kuwasha, wameshawasha. Kule Culham, Uingereza, mashine iliyoitwa JET ilitoa megajuli 69 kwa muda wa sekunde tano hivi, Oktoba 2023, miezi miwili kabla ya kuzimwa kabisa. Piga hesabu ya tokeni: ni yuniti 19. Mimi na chumba changu kimoja tunaenda nazo karibu mwezi. Fueli iliyochomwa ilikuwa miligramu 0.2, kiasi ambacho ukikipiga chafya hukioni tena. Ni kweli mashine yenyewe ilikuwa imekula stima nyingi kuliko hizo yuniti 19, na mtu asikudanganye kuwa mambo yamekamilika. Lakini moto uliwaka.

Sasa tuje kwenye ukingo.

Mwaka 1982, katika mji wa Garching karibu na Munich, Fritz Wagner alikuwa akipasha plazima katika mashine iitwayo ASDEX. Hadi wakati huo kila mtu katika kazi hiyo alikuwa amezoea kanuni moja ya kukatisha tamaa: ukiongeza joto, plazima inavuja zaidi, kama ndoo ambayo tundu lake linapanuka kadiri unavyomimina. Safari hii plazima ikaacha kuvuja ghafla. Uwezo wake wa kushika joto ukawa karibu mara mbili. Hakuna aliyekuwa amelitabiri jambo hilo. Walipochunguza wakakuta kwamba kwenye ukingo, katika upana wa sentimita chache tu, plazima ilikuwa imejijengea yenyewe kitu kama ukuta. Ndani ya ukuta huo joto na shinikizo hupanda kama ngazi ya ghorofa. Mashine kubwa zinazojengwa leo zinategemea huo ukuta. Bila huo zingelazimika kuwa kubwa zaidi, na bei yake ingemtisha hata mwenye pesa.

Kasoro ya ukuta huu ni kwamba unashika vizuri kupita kiasi. Shinikizo linapanda, linapanda, mkondo wa umeme kwenye ukingo nao unaongezeka, hadi mahali ambapo ukingo hauwezi tena. Unapasuka. Vipande vya plazima, virefu kama kamba, vinarushwa nje kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Kisha ukingo unatulia, ukuta unajijenga upya, shinikizo linaanza kupanda tena. Wenyewe huuita mshtuko huo ELM. Mimi darasani nasema plazima imecheua, kama mtoto aliyeshiba maziwa kupita kiasi, na wanafunzi wananielewa haraka kuliko nikitumia kitabu.

Kwenye mashine ndogo kucheua ni karaha tu. Lakini kusini mwa Ufaransa, karibu na Cadarache, kunajengwa ITER, ambayo plazima yake itabeba megajuli 350 hivi za joto. Kucheua kumoja kukubwa, kama hakukudhibitiwa, kunaweza kumwaga megajuli 20 mahali padogo kabla hujapepesa jicho. Sehemu za chini zinazopokea joto zinatengenezwa kwa tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422, inayovumilia joto kuliko metali nyingine yoyote. Hata hiyo uso wake ungeyeyuka na kupasuka. Na chembe za tungsteni zikiingia kwenye plazima, zinaipoza kutoka ndani, moto unakufa.

Mtu wa Embu haitaji kwenda Ufaransa kuelewa jambo hili. Aprili na Mei 2024, mvua ilipokataa kukoma, Bwawa la Masinga lilijaa hadi likamwaga. Masinga ndilo la juu katika yale mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana. (Jina linasema saba, yaliyojengwa ni matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nimeacha kuuliza.) Bwawa lenyewe lilisimama vizuri. Waliopewa onyo wahame ni watu wa huko chini kabisa, Garissa na Tana River, ambao baadhi yao hawajawahi kuliona. Ukuta ukishika sana, anayelipa ni yule anayeishi mahali maji yanapotokea. Mfano huu hauendi mbali, najua. Bwawa hungoja mvua, na lina wahandisi wanaofungua na kufunga. Plazima inajijaza yenyewe na kujimwaga yenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde moja katika mashine nyingi za leo.

Njia ya kwanza ya kuidhibiti ni ya presha kuka. Kile kichuma kinachokaa juu ya kifuniko huinuka kidogo, hutoa mvuke fyuu, kinakaa, kinainuka tena. Hukizuii kutoa mvuke, kwa sababu kikiziba utaokota maharagwe darini. Ndivyo walivyofanya Garching, katika mashine iliyofuata ile ya Wagner: wakawa wanarusha vipande vidogo vya dyuteri iliyogandishwa kwenye ukingo, haraka haraka, kila kipande kikiuchokoza ucheue kidogo kabla haujashiba. Kucheua kudogo mara nyingi badala ya kukubwa mara chache.

Njia ya pili inanivutia zaidi, labda kwa sababu ina ujeuri. Mashine ya tokamaki imejengwa kwa usahihi wa kutisha ili nguvu za sumaku ziwe laini, zisizo na kona. Kule San Diego, kwenye mashine ya DIII-D, Todd Evans na wenzake wakaamua kuziharibu kidogo kwa makusudi. Waliongeza koili ndogo zinazokunja uga wa sumaku pembeni tu, mikunjo midogo sana, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: kule kucheua kukubwa kulikoma. Ukingo ulikuwa umepata nyufa ndogo ndogo za kupumulia, na shinikizo halikufika tena pale pa kupasuka. Wakorea wakafanikiwa kwa namna yao kwenye mashine ya KSTAR mwaka 2011. ITER itawekewa koili 27 za aina hiyo ndani kabisa ya chombo.

Nilipomweleza Mama hili akauliza la pili. "Na majivu je?"

Niliweka kikombe chini. Moto huu una majivu, na wanasayansi wenyewe huyaita hivyo hivyo. Ni ile heliamu. Ikikaa ndani inajaza nafasi ya fueli, kama jiko ambalo halijatolewa jivu. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kweli, kwa sababu kucheua nako kulikuwa kunafanya kazi: kila mara ukingo unapopasuka unafagia taka na kuzirusha nje. Ukizuia kucheua kabisa kwa njia isiyofaa, plazima inabaki tulivu, safi kwa macho, huku uchafu unajikusanya katikati hadi inazimika. Lazima utafute namna ya kuacha taka zitoke bila kuacha ukuta uanguke. Miaka arobaini na zaidi tangu Wagner, bado wako hapo.

Hata plazima isipocheua, joto lenyewe lazima litoke kila sekunde. Nne kwa tano ya nishati inaondoka na nyutroni, ambazo hazisikii sumaku. Zinapita moja kwa moja hadi ukutani, na siku moja ndizo zitakazochemsha maji ya mvuke. Moja kwa tano inabaki ndani kuuweka moto hai. ITER imepangwa kutoa megawati 500, kwa hiyo hapo ni 100, ongeza 50 za kuipasha, ni 150. Sehemu huondoka kama mwanga. Zilizobaki zinateleza ukingoni katika utando mwembamba mno kuelekea chini. Mwaka 2013 Thomas Eich na wenzake walilinganisha vipimo vya mashine kadhaa wakakadiria kwamba ITER utando huo utakuwa na unene wa milimita moja hivi, zaidi kidogo ya kadi yako ya benki. Wengine waliopiga hesabu kwa kompyuta kubwa wanasema utakuwa mpana mara kadhaa zaidi. Natamani wao wawe wakweli.

Kule chini utando unakutana na divata, ambalo ndilo bomba la moshi la mashine nzima. Vipande 54 vya divata vimepangwa duara, vya tungsteni, na maji yakipita ndani yake. Vinatakiwa kuvumilia megawati 10 kwa kila mita mraba, muda wote, na hata 20 kwa vipindi vifupi. Simama Kiritiri saa sita mchana mwezi wa pili, jua likiwa limekazana: unapokea kilowati moja hivi kwa mita mraba. Sasa zidisha mara 10,000.

Kwa hiyo wanapunguza makali njiani. Wanapuliza neoni au naitrojeni kidogo karibu na divata. Gesi hiyo inachukua joto la plazima na kuligeuza mwanga unaosambaa pande zote, badala ya kupiga mstari mmoja. Ikifanyika vizuri, plazima inapoa kiasi kwamba karibu inajibandua kutoka kwenye tungsteni. Ukizidisha gesi, ubaridi unapanda hadi juu na kuharibu moto.

"Kama kuni mbichi," Mama akasema.

Culham wamejaribu jambo la ziada kwenye mashine yao ya sasa, MAST Upgrade. Wamerefusha ile njia ya kutokea, wakaivuta nje mbali, joto likapata nafasi ya kutawanyika, na Mei 2021 wakatangaza kuwa linalofika mwishoni limepungua mara 10. Bomba refu. Sikuhitaji kumfafanulia mwanamke ambaye kwa miaka 19 aliomba futi nne tu za bati.

Mwalimu mwenzangu wa Kemia ananiona napoteza muda. Hoja zake si za kijinga. Wanachama wa ITER ni Jumuiya ya Ulaya, Marekani, Urusi, Uchina, India, Japani na Korea Kusini. Afrika haimo. Ratiba ya sasa inasema utafiti utaanza 2034, na fueli yenyewe ya dyuteri na triti 2039. Nchi hii tayari ina mvuke wa Olkaria, ina mto, ina upepo wa Turkana, ina jua la bure. "Wewe," aliniambia, "stima inapotea hapa kila mvua ikinyesha kwa sababu mti umeangukia waya, na unataka kwenda kusomea ukingo wa plazima?"

Nakubali karibu yote. Jambo hili halitashusha bei ya tokeni yangu, na sitaandika kwenye fomu kwamba litaokoa Kenya. Ninachokataa ni ile dhana kwamba sisi ni watu wa kupokea moto ukiwa tayari. Ukisoma habari za fani hii utaona picha hupigwa juu, kwenye mwanga wa zambarau, na takwimu zinazotangazwa ni za joto na sekunde. Februari 2025 mashine ya WEST, hapo hapo Cadarache, ilishika plazima kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22, na vichwa vya habari vikasema rekodi ya dunia. Kazi nzuri. Lakini ilikuwa ikipashwa kwa megawati 2 tu. Kwangu mimi jambo kubwa la siku ile lilikuwa kwamba tungsteni ya chini ilikaa na joto dakika 22 na mashine ikabaki nzima, na hilo lilitajwa mistari ya mwisho. Wanaoshughulika na sehemu za chini wako wachache kuliko wanaohitajika. Nadhani hapo mtu aliyekulia karibu na jikoni la shule ana jicho.

Kuhusu kuondoka, bado hatujamaliza. Dada yangu yuko Embu mjini na anasema ataenda kwa Mama kila wikendi. Dawa zinaisha kila mwezi na si za bei ya mchezo. Mama anasema niende. Anasema kwa haraka mno, bila kunitazama, na mimi namjua anavyosema jambo alilokwisha kulia peke yake. Fomu inafungwa tarehe 15. Maneno 500 yameshafika 460 na yote ni ya ukingo na bomba.

Wiki iliyopita nilichora ukuta wa Wagner ubaoni, Kidato cha Tatu, dakika kumi za mwisho ambazo hazimo kwenye silabasi. Nikaeleza kupanda, kupasuka, kucheua. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kawaida huongea tu akiulizwa, akainua mkono.

"Mwalimu, mbona wanang'ang'ania ukuta mzuri? Si wajenge mbaya kidogo, uwe unavuja polepole?"

Darasa likacheka. Nikafuta ubao. Nikachora plazima kama ilivyo ukiikata kama keki: herufi D, mgongo ulionyooka ukielekea katikati ya mashine, tumbo likielekea nje. Kisha nikaigeuza D, mgongo ukawa nje. Kule Lausanne kwenye mashine ya TCV wamelijaribu umbo hilo kwa miaka, na mwaka 2023 DIII-D ikatenga kipindi kizima cha majaribio kwa ajili yake. Ukingo wa D iliyogeuzwa hauwezi kujenga ule ukuta mrefu, kwa hiyo haucheui, na bado ndani kunabaki na joto zuri kuliko walivyotarajia. Kama litatosha kuendesha kituo cha umeme, hilo bado linabishaniwa.

Kengele ikalia. Akauliza kama hiyo itakuja kwenye mtihani. Nikamwambia hapana. Alikuwa ameshaichora, D mbili, moja imegeuka, na mshale chini ya kila moja kuonyesha joto linatokea wapi.